Ngozi ya Tairi Mpya

Mkaguzi Hanyuda Kiyoshi alikuwa ameizunguka pikipiki ile mara tisa, na kahawa ya kopo mkononi mwake ilipoa kabla hajaifikisha nusu. Hakuwa mtu wa kukaa. Goti lake la kushoto, alilolivunja miaka kumi na minne nyuma akiwa juu ya pikipiki nyeupe ya polisi, lilimuuma akikaa na lilimuuma akisimama. Basi aliona heri liume huku anatembea.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili asubuhi, katika yadi ya kituo cha polisi cha Karasuda. Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, ya mwendo, imesimamishwa chini ya bati huku ubavu wake wa kushoto umechunika mpaka kwenye chuma. Mwenye nayo, Wakui Fumihiko, fundi miwani wa miaka arobaini na saba, alianguka nayo Jumapili asubuhi kwenye kona ya kumi na moja, akipanda mlima wa Hebitani. Hakugongana na mtu. Tairi ya mbele ilimponyoka tu, kichwa chake kikaenda kwenye ukingo wa chuma, na tangu hapo alikuwa hospitali hajafumbua macho.

Jalada lilikwisha kuandikwa. Aliliandika mkuu wake, Kajiwara, mtu anayependa mambo yaishe. Tairi mpya zilifungwa Ijumaa dukani kwa Orikasa Tomie. Ya mbele ilikutwa na upepo wa kilo moja nukta nane, badala ya mbili na nusu. Fundi kazembea, mtu kaumia, basi. Saa kumi na moja jioni jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na mjane wa miaka sitini na tatu angepoteza kibali cha duka, na pengine angelala ndani. Kilichosalia ni muhuri wa Hanyuda tu. Muhuri ulikuwa mfukoni mwake, na asubuhi yote alikuwa akiubiringisha kwa vidole kama mtu mwenye jiwe kiatuni.

Tomie aliingia yadini na aproni yake ya kazini, mfupi, nywele zimefungwa kitambaa. Aliinamisha kichwa kwa Hanyuda, kisha akaiinamishia pikipiki.

"Mikono ikae mfukoni, Mama Orikasa," Hanyuda alimwambia. "Utazame tu. Ukigusa, mimi na wewe tutahojiwa pamoja."

"Nikitazama bila kugusa mimi ni kipofu, Bwana Mkaguzi."

"Basi leo uwe kipofu mwenye adabu."

Akatia mikono kwenye mfuko wa aproni. Hanyuda alipachika geji ya polisi kwenye valvu ya mbele. Jumatatu ilisoma moja nukta nane, jana vilevile. Leo pia ikasema moja nukta nane. Tomie alichungulia sindano akashusha pumzi. Alisema angeshukuru kama ingekuwa inavuja, lakini haivuji, na tairi isiyovuja haipungui yenyewe. Ama yeye alijaza pungufu, ama kuna mkono mwingine.

Hanyuda akamwuliza anavyofanya kazi, tangu mteja anapoingia mpaka anapotoka. Mama akaeleza. Mlangoni kwake kuna mzani wa kupimia magunia ya mchele, na kila mteja lazima aupande na gwanda lake la ngozi na helmeti, hata awe nani. Wakui alikuwa kilo sitini na moja na mavazi yake. Kwa uzito huo ndipo anapokaza springi ya shokapu ya nyuma. Akishakaza, anapiga mstari mmoja wa rangi nyeupe, kuanzia kwenye ringi ya kukazia mpaka kwenye mwili wa shokapu, ili mtu akiizungusha mstari ukatike. Upepo anaujaza, anakwenda kunywa chai, anarudi kuupima tena. Mwisho anaandika yote kwenye utepe wa karatasi na kuubandika chini ya kiti.

Utepe ulikuwepo. Mbele mbili na nusu, nyuma mbili nukta tisa, tarehe ya Ijumaa. Kajiwara alikwisha kuukataa. Aliyeandika na anayetuhumiwa ni mtu mmoja, alisema.

Tomie hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa amechuchumaa, mikono bado mfukoni kama mtu anayesikia baridi, uso wake umekaribia tairi ya nyuma mpaka pua ikataka kuigusa.

"Hii siyo tairi ya Wakui," alisema.

"Ni yenyewe. Nimelinganisha namba na stakabadhi yako."

"Namba ni yake. Kuisha siyo kwake."

Hanyuda akaacha kutembea.

Tairi ikitoka kiwandani ina ngozi. Inang'aa, inateleza kama samaki aliyetoka majini, na mwenye akili huendesha polepole kilomita mia za kwanza ili ngozi hiyo itoke. Watu wa mlimani wanaita kumenya. Lakini tairi humenyeka pale tu inapogusa lami. Anayeilaza pikipiki sana kwenye kona huimenya mpaka ukingoni, na mwoga huacha mstari unaong'aa pembeni, huku na huku. Na kule juu ya Hebitani, kwenye maegesho ya kibanda cha tambi, kila Jumapili watu huegesha mkia nje, njiani, ili anayepita aone tairi ya nyuma. Mstari wa pembeni ndio kipimo cha mtu. Wa Wakui ulikuwa wa sentimita tatu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Sentimita Tatu. Hata askari wa zamu waliokwenda kumzoa Jumapili walilisikia jina hilo kabla ya lile la kwenye leseni.

Tairi hii ilikuwa imeisha mpaka mdomoni, kushoto na kulia. Hapakuwa na mstari hata wa unywele.

"Huenda amejifunza," alisema Hanyuda, kumchokoza tu.

"Kati ya Ijumaa na Jumapili? Bwana Mkaguzi, wewe ulikuwa mwendeshaji. Ulijifunza kwa siku ngapi?"

"Msasa?"

Wapo wanaosugua tairi kwa msasa wamefunga milango, Hanyuda aliwajua. Akatoa kioo cha kukuzia. Msasa huacha mikwaruzo iliyonyooka. Hapa mpira ulikuwa umejiviringa vipunjepunje, kama makombo ya kifutio cha mwanafunzi, vyote vimelalia upande mmoja, na chini yake mpira umegeuka samawati kwa mbali. Hiyo ni dalili ya moto. Mpira ulipashwa na mtu anayejua kuilaza pikipiki, kona baada ya kona, bila huruma.

Akaangaza tochi kwenye shokapu. Mstari mweupe ulikuwa umekatika. Nusu yake ilibaki mwilini, na ile nusu ya kwenye ringi ilikuwa imekwenda zake. Tomie akahesabu nyuzi za chuma ambazo ringi ilizipita, kwa kunyanyua kidevu mara moja moja: mizunguko miwili kamili, kukaza. Hanyuda akainua kiti. Mfuko wa spana uliokuja na pikipiki ulikuwa bado ndani ya plastiki yake, haujapasuliwa. Wakui hakuwa na kitu cha kuzungushia ringi ile hata angetaka.

"Imekazwa kwa mtu wa kilo ngapi?"

"Tisini. Tisini na tano."

"Nani kati ya wateja wako?"

Mama akainuka polepole. Mashine ya vinywaji ukutani ilikuwa ikinguruma. Hanyuda akamkumbusha kwamba saa zinakwenda, na kwamba jina moja tu lingeweza kumtoa kwenye jalada.

"Mimi nafunga tairi," alisema Tomie hatimaye. "Kufunga watu ni kazi yako. Nikikutajia mtu kwa uzito wake tu, nitakuwa nimemfanya yale yale ninayofanywa mimi."

Lakini kabla hajaondoka alimweleza jambo jingine, bila kuulizwa, akizungumza na pikipiki zaidi kuliko naye. Kwa mtu mzito na mwepesi wa kona, alisema, kukaza vile ni sawa. Uzito wake unakalisha mkia, tairi inapata moto, upepo mdogo unapanuka, mpira unashika lami kama mkono. Mpandishe mtu wa kilo sitini na moja asubuhi ya baridi. Mkia unabaki juu, pua imeelekea chini, pikipiki inataka kuangukia ndani ya kona. Na mbele tairi ni baridi na laini, inakuwa nzito, haitaki kugeuka. Anasukuma usukani, haiji. Anasukuma tena, inakuja yote kwa pamoja. Anaogopa, anagusa breki.

Hakumalizia. Alitoa mikono mfukoni akaiangalia, akairudisha.

Hospitalini, ghorofa ya nne, Hanyuda alitembea kutoka dirishani hadi kwenye lifti na kurudi huku akimhoji mke wa Wakui, Sanae, aliyekaa kwenye benchi na mfuko wa nguo za mumewe magotini. Mama huyo alijibu kwa sauti ndogo, na kila muuguzi alipopita alikatisha neno.

Jumamosi mumewe alikuwa dukani kwake kutwa nzima, anasaga lenzi. Alikwenda na kurudi kwa treni. Pikipiki? Haikuwepo nyumbani. Alimwambia mkewe kwamba iko kwa Mama Orikasa, inamaliziwa. Ikarudi Jumamosi jioni, yeye Sanae yuko jikoni. Alisikia mlio wake tu, na mumewe akatoka kuipokea.

Kumbe Tomie alikuwa na sahihi ya Wakui ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kwamba pikipiki kaichukua. Kutoka saa hiyo hadi Jumamosi jioni ilikuwa kwa mtu, na Wakui alikuwa amemdanganya mkewe.

Hanyuda aliomba kuona gwanda la ngozi. Lilikuwa jipya, limechanika begani tu. Kwenye magoti vilibandikwa vile vipande vya plastiki ngumu wanavyovaa ili goti likigusa lami lisichunike, navyo vilikuwa na mikwaruzo. Alipowaza kumpigia Kajiwara, simu ikaita, na ni Kajiwara mwenyewe. Hanyuda hakumficha, akamwambia alichokishika.

"Basi umemaliza," alisema Kajiwara. "Goti limekwaruzika, tairi imeisha. Kichaa wa mwendo amekutana na fundi mzembe. Piga muhuri, Hanyuda. Usinitafutie kazi."

Hanyuda akasema ndiyo, ndiyo, akakata simu, akakipeleka kipande kimoja dirishani. Lami hula plastiki upande mmoja, wa nje, kwa mshazari. Hiki kililiwa sawasawa kote, na mikwaruzo yake ilikuwa mistari myembamba iliyopinda kwa pamoja, kama nyuzi za kwenye sahani ya santuri. Aliitazama sana. Kisha akamwuliza Sanae lenzi husagwa na nini.

"Na jiwe. Linazunguka." Mama akainua macho. "Wiki iliyopita duka zima lilinuka plastiki. Alisema ni fremu imeungua."

Basi hivyo. Magoti alijisagia mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Hanyuda alijisikia kama mtu aliyefungua kabati lisilo lake. Lakini tairi haiingii kwenye jiwe la kusagia lenzi, na msasa watu wa mlimani wangeugundua kwa kuutupia jicho. Mtu mwenye aibu ya sentimita tatu angefanyaje? Angetafuta mwenye uwezo wa kuimenya, ampe ufunguo na kumwomba asiseme. Na hisani kama hiyo hulipwa kwa kitu.

"Jumamosi alikuwa anasaga lenzi za nani?"

Za rafiki, alijibu Sanae. Miwani ya jua ya kuonea mbali, lenzi za rangi ya kahawia, fremu pana kuliko zote dukani. Hakuandika stakabadhi. Alipomwuliza kichwa gani hicho kikubwa namna hiyo, mumewe alicheka akasema ni kichwa cha bingwa.

Saa saba mchana gari la Hanyuda lilipanda Hebitani. Kwenye kona ya kumi na moja alisimama, akashuka. Kona ilikuwa ndani ya kivuli cha misonobari, lami haijakauka umande hata saa hiyo. Alama ya mpira haikuonekana kabisa, ila mkwaruzo wa chuma, mfupi. Mwenye mwendo mkubwa angeacha mkwaruzo wa mita thelathini. Huu haukufika kumi na mbili. Wakui alikuwa akienda kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Hanyuda akapima, akapiga picha, akaondoka.

Ilikuwa Jumatano, siku ambayo madalali wa nyumba hupumzika, na kwenye maegesho ya juu kulikuwa na pikipiki tatu tu, zote mkia nje. Kwenye kibanda, Nezu Ryohei alikuwa amesimama anakula tambi za moto kwa kelele. Mtu wa mwili, shingo nene, gwanda limefunguliwa hadi kiunoni. Alikuwa dalali huko Karasuda na ndiye kinara wa mlima. Wengine walimwita Kaka Mkubwa hata waliomzidi umri. Usoni alivaa miwani ya jua ya rangi ya kahawia, fremu pana.

Hanyuda aliagiza tambi, akala akitembea mbele ya kaunta na bakuli mkononi, mpaka mwenye kibanda akamwomba asimame mahali pamoja kwa usalama wa watu. Nezu akacheka. Alimjua; nani hamjui mkaguzi aliyewahi kuendesha pikipiki nyeupe? Wakazungumza. Nezu hakuwa mgumu, maneno yalimtoka kama maji. Alisikitika sana kuhusu Sentimita Tatu. Alilaumu macho ya yule mama, yamezeeka, hayaioni sindano ya geji. Aliwahi kumwambia mwenyewe astaafu, na kwa kweli yeye ndiye aliyewatajia askari lile duka siku ya Jumapili, kwa uchungu.

"Miwani nzuri," alisema Hanyuda.

"Eeh. Ya zamani."

Hanyuda hakuishika. Angeishika, Nezu angesema ameinunua, na mwenye kuiuza amelala hospitali hana neno. Alimaliza supu kwanza. Akaweka bakuli chini, akatikisa kichwa kama mzee anayesikitikia kizazi.

"Unajua, Kaka Mkubwa, mimi nimegundua kitu. Siyo yule mama. Kuna mtu aliigusa pikipiki baada yake. Ila kinachonishangaza ni ujinga wa mtu huyo."

Nezu akaendelea kutafuna.

"Hana analojua. Kapandisha mkia ovyo, kaachia upepo wa mbele ovyo. Labda mtoto wa skuta, kaona watu wanafanya naye akafanya. Kilo moja nukta nane! Mlimani! Hata anayepeleka maziwa kwa baiskeli hawezi kuweka moja nukta nane. Nitaandika hivyo kwenye ripoti, ili watu wajue mlima huu umeingiliwa na wasiojua kazi."

Wale wenye pikipiki nyingine mbili walikuwa wamesogea. Mmoja wao akacheka puani. Alisema labda ni yule mwuza samaki anayebadilisha oili kwa kusoma kwenye pakiti. Mwenzake akasema moja nukta nane ni upepo wa mkokoteni. Shingo ya Nezu ilianza kuiva.

"Hakuna aliyeweka moja nukta nane," alisema.

"Geji imesoma. Mara tatu."

"Imesoma ya baridi. Mzee, wewe si ulikuwa mwendeshaji? Weka mbili nukta moja tairi ikiwa ya moto, kalale, kesho asubuhi pima utakuta moja nukta nane. Ndivyo hesabu ilivyo. Siyo ujinga, ni—"

Kijiti cha kulia tambi kilimponyoka kikaingia bakulini. Wenzake wawili waliacha kucheka. Mwenye kibanda alizima redio, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Ya moto," alisema Hanyuda taratibu. "Wakui hajawahi kuipasha tairi moto tangu azaliwe. Nani aliipasha?"

Nezu alivua miwani akaishika kwa mikono yote miwili. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, ya mtu wa kawaida.

Yeye na Hanyuda wakahamia pembeni, kwenye boneti ya gari, na hapo Nezu akasema yote, taratibu, mkaguzi akimsimamisha kila baada ya sentensi mbili ili aandike. Wakui alimpa ufunguo Ijumaa jioni nyuma ya stesheni, akimwomba kwa kuinama kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Ammenyee zile tairi mpaka ukingoni, ili Jumapili aegeshe mkia nje kama wenzake, mara moja tu. Kwa malipo, miwani. Jumamosi Nezu alipanda na kushuka Hebitani mara sita. Pikipiki ilikuwa laini mno kwa uzito wake, akaikaza nyuma mizunguko miwili. Mbele akaachia upepo, hapa hapa juu, tairi ikiwa ya moto, mpaka mbili nukta moja. Jioni akairudisha.

"Kwa nini hukuirudishia kama ulivyoikuta?"

Nezu aliikunja miwani, akaikunjua. Upepo ulikuwa ukisukuma majani ya misonobari juu ya lami.

"Nilimwachia ya kwangu," alisema. "Watu hapa wananiomba hizo namba, siwapi. Nikaona nimpe. Kama zawadi. Sikumwambia, nilitaka ajisikie mwenyewe jinsi inavyokwenda."

"Na Mama Orikasa? Siku nne?"

Nezu akageuka. Alitazama pikipiki yake, na tairi yake ya nyuma iliyoisha vizuri, mpaka mdomoni. Hanyuda alimpa karatasi aisome, akamwuliza kama ana muhuri wa jina wa kutilia sahihi. Hakuwa nao. Basi akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibana chini ya jina lake, na mkaguzi akakishikilia kidole kile kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ili kisiteleze kikaharibu alama.

Saa kumi kasorobo jalada jipya lilikuwa juu ya meza ya Kajiwara. Alilisoma akiwa amekunja uso, akauliza kama miwani imechukuliwa kama kielelezo, akaambiwa ndiyo, akauliza kama picha za mstari wa rangi zimetoka vizuri, akaambiwa ndiyo. Kisha akalitoa lile la zamani, akalichana katikati, akasema Hanyuda siku moja atamuua. Jina la Orikasa Tomie lilibaki kwenye jalada mahali pamoja tu, kwenye orodha ya mashahidi. Hapo ndipo Hanyuda alipoutoa muhuri mfukoni akaupiga. Ulikuwa na joto la mkono wake.

Alimkuta Tomie dukani. Kompresa ilikuwa imezimwa, na kwenye benchi alikuwa amepanga geji zake zote tano juu ya taulo safi, kama mtu anayezikabidhi. Hanyuda akamwambia hana haja ya kuzikabidhi kwa yeyote. Alimweleza kwa maneno machache, akitembea kati ya mzani na rafu. Mama hakufurahi kama alivyotegemea. Aliuliza swali moja.

"Mbili nukta moja, ya moto?"

"Ya moto."

Akafumba macho, midomo ikitembea, anahesabu. "Basi kweli anajua kazi," alisema. "Hesabu yake ni sahihi. Ni mtu tu siye."

Simu ya Hanyuda ikaita. Alikuwa Sanae, kutoka ghorofa ya nne, analia na kuongea kwa pamoja, ikabidi amwombe aanze upya. Mumewe amefumbua macho. Anamjua yeye, anajua jina lake na duka lake. Jumapili haikumbuki kabisa, haijui hata kona. Ameuliza kitu kimoja, ameuliza mara tatu, na yeye Sanae hakielewi, ndiyo maana anapiga. Huenda polisi wanaelewa. Anauliza kama alifika juu. Anauliza kama waliziona.

Hanyuda aliondoa simu sikioni. Alimrudishia Tomie maneno yale kama yalivyokuja, akaongeza kwamba, kwa taarifa zake, hakufika. Aliangukia kona ya kumi na moja, na maegesho yako baada ya kumi na tisa. Pikipiki ilishushwa na lori ikiwa imefunikwa turubai. Hakuna hata mmoja aliyeziona zile tairi.

Tomie alivuta kigoda akakaa. Alichukua geji moja, akaifuta, akairudisha mahali pake, akaifuta tena.

"Lile jina," alisema, "watu wanadhani lilianzia mlimani. Lilianzia hapa. Alipanda kwenye mzani huo, nikaiangalia tairi yake, nikasema, haya, Bwana Sentimita Tatu amefika. Walikuwepo watu sita. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na yeye alicheka."

Kwenye simu sauti ya Sanae ilikuwa ikiita, ndogo, hallo, hallo, Bwana Mkaguzi. Hanyuda katika miaka ishirini na tisa ya kazi hakuwahi kumwambia shahidi jambo ambalo halikutokea. Alisimama. Hata goti aliliacha lisimame.

"Mwambie waliziona," alisema Tomie. "Mwambie wote waliziona."